Waranti ya nyongeza ya gari isubiri

Ndugu zangu mnaonunua magari hapa Marekani, hasa mliofika juzi juzi, nawasihi: siku ya kuchukua funguo si siku ya kusaini waranti ya nyongeza, yaani mkataba unaoulipia ili gari litengenezwe baada ya waranti ya kampuni kwisha.

Siku hiyo umeshachoka, bei mmekubaliana, watoto wanalia njaa. Ndipo unaingizwa kwenye ofisi ya mkopo na kuambiwa utaongeza dola 40 tu kwa mwezi. Kwa mkopo wa miezi 72, hizo ni dola 2,880, na riba imo humo humo.

Haraka ya nini? Gari jipya lina waranti yake tayari. Toyota na Honda hutoa miaka 3 au maili 36,000 (kinachotangulia) kwa karibu gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Hyundai na Kia hufika miaka 10 au maili 100,000 kwa injini, ingawa mnunuzi wa pili kwa kawaida hubaki na 5 au 60,000. Kampuni nyingi za magari hukuuzia mkataba wao wa nyongeza wakati wowote kabla waranti ya kwanza haijaisha.

Mimi nilingoja hadi nikaribie maili 36,000, nikawapigia wauzaji kadhaa kuulizia mkataba ule ule wa kampuni. Kila mmoja alikuwa na bei yake, na ilishuka nilipowatajia ya mwenzake. Mwishowe sikununua. Gari langu ni Corolla, vipuri vyake si ghali, nikaona heri pesa hiyo ikae benki. Shemeji yangu ana gari la Kijerumani la mitumba, tena hana akiba; yeye nilimwambia anunue, na giaboksi ilipoharibika mkataba ulilipa.

Wanaoendesha Uber au Lyft, hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Mikataba mingi haigusi gari la biashara. Unaweza kulipa miaka yote, injini ikafa, ukakataliwa kwa sababu hiyo moja. Tafuta kipengele hicho kabla hujatazama bei. Kisha uliza kama mchango wako, yaani kiasi unachotoa mwenyewe gari likitengenezwa, ni kwa kila ziara ya gereji au kwa kila kifaa kinachotengenezwa. Brekipedi na tairi usizitarajie.

Na risiti, jamani! Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 hairuhusu kampuni kukunyima waranti eti kwa sababu tu ulibadilisha oili kwa fundi wa mtaani. Lakini fundi wetu wa Jumamosi asiyeandika kitu hakuachii ushahidi wowote. Mwombe akuandikie tarehe, maili na aina ya oili.

Kama umeshasaini, usikate tamaa. Mikataba mingi hufutika, na unarudishiwa sehemu ya muda usiotumika. Kama uliiweka kwenye mkopo, fedha huenda kupunguza deni. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala.