Panda, Shuka, Panda Tena: Majibu kwa Wanaotaka Kuuzunguka Mji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu auone vipi mji mkubwa bila gari lake na bila kuliwa pesa. Tumeanza na ya Kisauni, maana ndiyo inayowahusu wengi.

*Mpwa wangu amerudi kutoka ng'ambo, na hadithi yake ni moja tu: basi lisilo paa. Unalipa mara moja, unashuka penye kitu cha kutazama, ukitosheka unapanda linalokuja nyuma. Sasa ataka kuiona Mombasa vivyo hivyo. Twakaa Kisauni na gari hatuna. Je, matatu na tuktuk zaweza kufanya kazi hiyo kwa siku moja?*
Msomaji, Kisauni

Zaweza, tena kwa nauli ya kawaida. Basi lile huuza vitu vitatu kwa bei moja: mzunguko uliokwisha pangwa, kiti cha kuendelea na safari, na maelezo ya sikioni. Viti vya Mombasa havikauki barabarani. Mzunguko utaupanga mwenyewe, na si kazi, kwa kuwa kisiwa kizima ni kama kilomita za mraba 14. Kilichobaki ni maelezo, na hayo yatafuteni kwa muongozaji wa Fort Jesus, ngome ya zamani. Elewaneni malipo yake kabla hajaanza kuzungumza. (Kuzunguka hivi si jambo geni hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye uwezo walitembezwa kisiwani kwa vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba.)

Shukeni mara tatu tu: ngomeni, Mji wa Kale, na Mama Ngina kwenye ufuko. Anayetaka kushuka mara nane kwa siku hurudi nyumbani ameona milango.

Siku za kazi, asubuhi Daraja la Nyali hujaa magari yanayoingia kisiwani, na jioni yanayotoka. Kwa hiyo ondokeni kabla ya saa 12 na nusu, au ngojeni hadi saa 3 ipite. Jumamosi na Jumapili mambo ni mepesi. Pandeni matatu ya Posta. Tangu kanuni za mwaka 2004 matatu hutakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na njia yake huandikwa pale, lakini siku ya foleni aminini zaidi kinywa cha makanga kuliko maandishi. Mkishuka Posta, Digo Road, msipande tuktuk. Teremkeni Nkrumah Road kwa miguu, dakika 10 hadi 15, mpite majengo ya zamani na bustani ya Treasury Square. Barabara inaishia kwenye ngome.

Fort Jesus hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Malipo hupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi hakikisheni simu ina chaji, bando na pesa ya M-Pesa, na yafanyeni mkiwa bado kivulini, si dirishani huku foleni ikiwasukuma mgongoni. Chukueni vitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha mwananchi ni tofauti na cha mgeni. Jipeni saa moja na nusu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi hupanda juu ya ukuta kupiga picha za bahari kisha wakatoka. Mpwa wako mpeleke kwanza kwenye michoro ya ukutani iliyohifadhiwa humo: meli na watu, kwa makaa na udongo mwekundu, kazi ya mikono ya Wareno waliokaa zamu pale. Mstari wa makaa bado unaonekana mahali mkono ulipokazana na mahali ulipolegea.

Mkitoka, shikeni Ndia Kuu, bahari iwe kuumeni. Mtapita milango ya nakshi na roshani za mbao, mfike Msikiti wa Mandhry wa karne ya 16, wenye mnara mweupe uliochongoka, kisha uwanja wa Bandari ya Kale. Ndani ya Mji wa Kale matatu haingii, na mgeni hupotea upesi. Dawa yake ni hii: ipeni bahari mgongo, mpande na kichochoro chochote, na mwisho mtatokea Digo Road. Bora mtokee kwa Langoni, maana hapo mko Marikiti, kwenye viungo, na Biashara Street ya leso iko jirani. Kulani hapo hapo mjini. Saa 6 hadi saa 9 jua si la kutalii, hasa wakati wa kaskazi.

Shuko la tatu ni Mama Ngina, na msifike kabla ya saa 10 jioni. Chukueni tuktuk kutoka Marikiti na mwambieni dereva apite Moi Avenue, mzione Pembe za Ndovu. Ni za bati la alumini, wala si pembe kweli, na jozi mbili zikipishana juu hufanya herufi M. Kushuka hapo hakufai jioni kwa ajili ya magari. Mwenye kutaka picha nzuri aje Jumapili asubuhi. Mama Ngina kuna mibuyu, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu, na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu hata jina unalisoma. Msikimbilie kurudi saa 11, mtaketi darajani. Kaeni hadi saa 1 usiku ipite.

Ikiwa mna siku ya pili, panda-shuka ya upande wenu ni barabara ya Malindi: Kongowea kwa soko, Bombolulu kwa karakana za mafundi wenye ulemavu, na Haller Park kule Bamburi, msitu uliooteshwa juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Matatu za Mtwapa hupita kote huko.

*Tulikuwa ng'ambo, watu wanne, tukanunua tiketi ya basi la watalii, tukidhani ni ya saa 24. Tulipanda saa 9 alasiri. Kesho yake asubuhi tukaambiwa tiketi imekwisha. Tulidhulumiwa?*
Baba wa watoto wawili, Tudor

Huenda hamkudhulumiwa, ila hamkuambiwa. Kuna hesabu mbili. Kampuni nyingine huhesabu saa 24 kamili tangu tiketi ilipopitishwa kwenye mashine mara ya kwanza: ukipanda saa 9 alasiri, ni yako hadi saa 9 alasiri ya kesho. Nyingine huuza "siku 1", na siku hiyo hufa basi la mwisho likilala, hata kama ulipanda mara moja. Ukiona neno "siku" badala ya "saa", nunua asubuhi au usinunue. Hesabu ya kwanza ina faida nzuri kwa anayeijua: anza mchana wa leo, malizia asubuhi ya kesho, umepata nusu siku mbili bila kulala na uchovu.

Maadamu mmeuliza, na mengine yanayokosewa ni haya.

Basi huzunguka upande mmoja. Kituo ulichokipita dakika 5 zilizopita hakirudiwi, ila kwa kumaliza duara lote, na duara hilo huweza kula saa 2. Penye kituo kilicho nyuma yako kidogo, tembea kwa miguu. Miji mikubwa huwa na njia mbili au tatu za rangi mbalimbali, na tiketi rahisi mara nyingi ni ya rangi moja.

Basi la mwisho halimalizi duara kila mara. Saa iliyoandikwa kwenye kijitabu aghalabu ni ya kuondoka kituo cha kwanza. Mkishuka baada ya saa 10 jioni, muulizeni dereva: "Nyuma yako liko jingine, na linaishia wapi?"

Tiketi ya intaneti mara nyingine ni hati ya kubadilishia tu, yataka upite ofisini kwao kwanza. Someni kabla ya kulipa. Tena basi kupita mbele ya jumba si kiingilio cha jumba hilo. Penye orodha ya "vilivyomo" tafuteni neno la kiingilio kwa kila kimoja.

Kuhusu viti: wengi hukimbilia juu mbele kabisa. Kama kioo cha mbele ni kirefu, picha zote zitakuwa na mng'aro wa kioo. Safu ya tatu au ya nne, upande wa jengo, ni bora. Chukueni vidude vya masikio vyenu wenyewe vya waya, kwani wanavyogawa ni vya siku moja na sauti yake nyembamba. Lugha hubadilishwa kwa kitufe ubavuni mwa kiti. Tundu bovu ni jambo la kila siku, basi jaribuni kabla hamjajipanga.

Hesabu ya kujua kama inalipa ni nyepesi: andika mahali unapotaka kushuka kweli. Yakiwa manne au zaidi na yako mbalimbali, nunua. Yakiwa mawili, nauli ya basi la kawaida itashinda. London, kwa mfano, ukigusisha kadi kwenye basi la mji unaruhusiwa kubadilisha mabasi ya mji kwa muda wa saa moja kwa nauli ile ile, na mengi yana ghorofa. Cape Town nako, basi jekundu hukufikisha chini ya Table Mountain, lakini upepo ukivuma kigari cha kamba husimamishwa. Tazameni asubuhi kama kinafanya kazi, ndipo mnunue.

*Mimi huenda Dubai kuchukua bidhaa na hubaki na saa 7 au 8 kabla ya ndege. Basi la watalii lafaa?*
Mfanyabiashara, Biashara Street

Kwa saa hizo, hapana, isipokuwa ndege ni ya usiku na ni kati ya Novemba na Machi. Mchana wa Julai joto hupita nyuzi 40, na ghorofa ya juu huwa tanuri. Acha mizigo kwanza, panda metro hadi upande wa Deira, kisha vuka Creek, mkono wa bahari unaoukata mji, kwa abra, mashua ya mbao, kwa dirhamu 1. Weka sarafu tayari. Kwa wewe unayefanya biashara, masoko ya kingo zote mbili yatakupa zaidi ya ghorofa utakazoziona kwa mbali.

*Mamangu ana magoti mabovu. Nataka aione ngome na Mji wa Kale kabla hajarudi Taita. Matatu itamsumbua?*
Binti yake, Changamwe

Itamsumbua mara mbili: kidato cha kupandia kiko juu, na makanga hana subira. Kodi tuktuk moja kwa nusu siku, kwani ngazi yake ni ya chini, na njia kadhaa za Mji wa Kale inapita. Dada, bei ielezeni kwa saa na si kwa safari, na kusubiri kuwe ndani yake. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Tuktuk ni ya abiria watatu, kwa hiyo wawili mtakaa vizuri naye. Ngomeni, njia ya mlangoni inapanda na ardhi si sawa. Aingie taratibu kwa fimbo, aone maonyesho yaliyo chini, aache kuta za juu. Usiende Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8, maana maduka mengi hufungwa kwa sala na vichochoro hujaa.

*Tuna wanafunzi 28. Matatu mbili za viti 14 hazitoshi?*
Mwalimu, Likoni

Nyinyi walimu mtakaa wapi? Wanafunzi 28 na, tuseme, walimu 3 ni 31, basi tafuteni minibasi ya viti 33. Na kama bajeti ni ndogo, vukeni feri kwa miguu, maana mwenda kwa miguu halipi, na gari liwangoje ng'ambo ya kisiwani. Hesabuni watoto kabla ya kushuka kizimbani, mkiwa chomboni, na tena mkifika juu. Ule mteremko watu hukimbia.

*Picha mjini zapigwa popote?*
Kijana, Mikindani

Kamera iwekeni ndani mkiwa feri, bandarini na jirani na Ikulu kule Kizingo. Mji wa Kale nyumba piga, ila mtu muombe kwanza, mama wa buibui hasa.

*Makanga hunipitisha kituo kila mara, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Nifanyeje?*
Mgeni wa mjini, Bamburi

Kituo kitaje unapopanda, si unapofika, na kwa jina wanalolijua wao: sema Lights, Mtambo, Buxton, usiseme jina la duka. Kaa karibu na mlango. Gari likianza kupunguza mwendo, gonga bati mara mbili au sema kwa sauti "shukisha!". Nauli muulize abiria wa jirani kabla ya makanga kufika, ndipo umpe hesabu kamili. Noti ya 1,000 asubuhi ni kujitafutia maneno. Wakati wa mvua uliza kabla ya mguu kuingia, kwa sababu ukishaketi hoja yako imekwisha. Na wakigeuza gari njiani, "shukeni hapa, hatufiki", dai sehemu ya nauli papo hapo mlangoni, ukiwa bado umeshika kiti.