Ripoti ya Mtaalamu Isiishie Kwenye Mguu

Sisi wataalamu wa tiba ya viungo tunaoapishwa mahakamani hapa Bukavu huwa tunaulizwa jambo moja: mtu huyu amepoteza asilimia ngapi ya uwezo wake? Lijibu, maana ndilo uliloagizwa, lakini usikome hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unaeleza kuwa ulemavu hutokea pale hitilafu ya mwili au ya akili inapokutana na vizuizi vilivyomo katika jamii; kwa hiyo aliyepima mwili peke yake hajamaliza kupima.

Nilimpima mama mmoja, muuza sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu), aliyekatwa mguu baada ya kugongwa na gari. Ripoti iliyotangulia ilitaja urefu wa kigutu, hali ya kovu na asilimia, basi. Mimi nilimwomba tupande naye hadi nyumbani kwake Kadutu, mtaa wa kilimani hapa Bukavu, kwa njia ya ngazi zilizochongwa kwenye udongo, ambako mvua ikinyesha magongo huteleza. Mikono yote miwili ikishika magongo, beseni la samaki halina wa kulishika, hivyo kila asubuhi humlipa mchukuzi. Yote hayo niliyaandika, pamoja na malipo ya mchukuzi. Mahakamani, wakili wa kampuni ya bima alidai kwamba kuuza samaki ni kazi ya kuketi (mawakili hawabebi beseni), kisha hakimu akaniuliza iwapo ulemavu wa mama huyo ungepungua kama angeishi mahali tambarare. Nilijibu kwamba ungepungua, ingawa mguu ungebaki vilevile, na ndiyo sababu gharama za kilima zilistahili kuhesabiwa katika fidia.

Usiandike "hawezi kufanya kazi", kwani wakili wa upande wa pili atatafuta kazi moja anayoiweza na ripoti nzima itaonekana ya uongo. Andika hawezi nini, wapi, na kwa kukosa nini. Ngazi nazo zipime kwa sentimita kama unavyopima kiungo, ili usionekane mtetezi.

Kwa kiziwi, uliza kwanza ni nani anayemtafsiria. Ndugu mwenye maslahi katika kesi hafai kuwa mkalimani, na jambo hilo liandikwe ukurasa wa kwanza. Kifungu cha 13 cha Mkataba kinadai utaratibu wa mahakama urekebishwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa hiyo, kwa anayetembelea magongo, mwandikie karani mapema ukiomba chumba kisicho na ngazi.