RAID 1 siyo bakapu
Kaka uliyeuliza kama diski mbili za RAID 1 (yaani diski mbili kwenye kompyuta moja zinazobeba data ileile) zinatosha bila bakapu, nakala ya akiba ya kando, hapana aisee. RAID 1 inakopi papo hapo, ukifuta folda ya picha za harusi kwenye hii na ile nyingine inafutika hapohapo, alafu huku Moshi umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza zote mbili maana zinakula pawa saplai moja. Nunua eksteno mbili (diski za nje za kuchomeka) za kuwekea bakapu, moja ikae kwako ila imechomolewa, nyingine kwa bimkubwa Marangu, ukipanda huko unazibadilishana. Na kwenye Linux piga komandi ya kupima afya ya diski, smartctl -a /dev/sda (sda ni jina la diski), uangalie mstari wenye namba 197 mwanzoni, Current_Pending_Sector, yaani vipande vya diski vinavyosumbua kusomeka, namba ya mwisho ya mstari huo ikiwa siyo 0 na inazidi kupanda tafuta diski nyingine mapema.