DVD ya mkononi au tableti kwa safari ya Dar–Mwanza?
Dada yangu, umeuliza ununue DVD ya mkononi au tableti kwa ajili ya wanao wawili kwenye basi la Dar hadi Mwanza. Nunua tableti. Njia hiyo inazidi kilomita 1,000, na betri ya DVD nyingi za aina hiyo huisha baada ya saa mbili tatu hivi. Tena diski inazunguka ndani. Basi likipiga matuta, picha inaganda.

Cha kwanza kuangalia dukani ni sehemu ya kuweka memori kadi. Kadi ya GB 64 inabeba katuni za safari nzima. Zipakue nyumbani, halafu zijaribu data ikiwa imezimwa kabisa. Mimi sikujaribu, na hatujafika hata Morogoro wanangu walikuwa wanalia, video hazifunguki. Iliniuma sana.

Angalia pia kama ina tundu la hedifoni, maana nyingi za sasa hazina. Likiwepo, kigawanyio cha waya cha bei ndogo kitawawezesha wote wawili kusikiliza pamoja. Hedifoni chukua za watoto, zisizozidi desibeli 85. Pawabenki usiache.