Kabla hujapiga promo, kubaliana video itatumika wapi

Akaunti yako ya Instagram au TikTok ikianza kuchangamka, wenye maduka huingia inbox: "Dada, promo bei gani?" Usikimbilie kutaja bei. Uliza kwanza: video ngapi, za sekunde ngapi, zikae kwenye akaunti yako muda gani, na wao watazitumia wapi.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza vijana wengi. Binti analipwa laki moja kwa video ya sekunde 30, miezi sita baadaye sura yake iko kwenye bango la barabarani na hana la kudai, maana hapakuandikwa kitu. Andika, hata WhatsApp, na mwenye duka ajibu "nimekubali":

"Video itatumika Instagram na TikTok za duka kwa siku 30. Kuibusti (kulipia mtandao uisambaze kwa watu wengi zaidi), kuiweka kwenye runinga au bango ni malipo mengine."

Akitaka kuibusti TikTok, usimpe nywila yako. Kwenye mipangilio ya video husika kuna msimbo wa ruhusa ya matangazo wa kumpa, wa siku 7, 30, 60 au 365. Mliyokubaliana ni siku 30, basi chagua 30. Na akikutaka usitangaze washindani wake, kila mwezi wa kujizuia uwe na bei yake, kwa sababu ni dili unazozikosa.

Malipo: nusu kabla ya kurekodi, nusu akishaiona video na kabla hujaiposti. Ukishaposti, huna tena cha kushikilia.

Maneno utakayosema mtumie ayapitishe kabla hujawasha kamera. Kwenye maandishi neno hubadilishwa kwa dakika moja. Kwenye video unatafuta tena gauni lile lile, unasuka nywele vile vile, unasubiri jua la saa nne lifike tena dirishani, halafu sauti bado inasikika tofauti. Marekebisho mawili yanatosha. La tatu alipie.

Washa alama ya ushirikiano wa kulipwa, watu wajue ni tangazo.

Krimu za kung'arisha ngozi zikataliwe hata dau likiwa nono. Zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na muuzaji hatakuambia zimo. Kwa kipodozi chochote omba uthibitisho wa usajili wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kisha soma viambato kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye picha aliyokutumia. Ngozi ikiungua, mabinti hawatamtafuta mwenye duka. Watakuja kwenye komenti zako.