Cheti cha halali cha Mombasa na soko la Indonesia

Ndugu yangu, umeuliza kama Indonesia wanaweza kuikataa achari yako yenye cheti cha halali cha Mombasa, na kama hilo halivunji kanuni za WTO, Shirika la Biashara Duniani. Wanaweza. Chini ya sheria yao namba 33 ya mwaka 2014, cheti cha nje lazima kitoke kwa taasisi inayotambuliwa na mamlaka yao ya bidhaa za halali, BPJPH. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, ilitoa mwongozo wa halali mwaka 1997, lakini mwongozo wenyewe unakubali kwamba wanazuoni hutofautiana.

Kuna kesi ya kuku: Brazil iliishtaki Indonesia, na mwaka 2017 jopo la WTO likaona baadhi ya vikwazo havifai. Ila sharti lenyewe la halali Brazil haikulipinga. Tena kule hushtakiana serikali, si wafanyabiashara, kwa hiyo usitegemee njia hiyo.

Kabla hujachapisha lebo, mwombe mnunuzi akuthibitishie kwa maandishi ni taasisi gani inayokubalika. Halafu iangalie vizuri siki unayotia kwenye achari, imetengenezwa kutokana na nini? Siki nyingine hutokana na mvinyo. Mdai muuzaji wako karatasi zake mapema, maana hilo swali litakuja tu.