Mashine ya nyasi ikigoma kutembea, anza na magurudumu

Injini inanguruma, kisu kinakata, lakini ukibana liva ya kuendeshea mashine haisogei. Au inavuta upande mmoja tu na kukupeleka kwenye maua. Tangu nianze kutengeneza mashine za kukatia nyasi hapa nyumbani Arusha, hii ndiyo kazi ninayoletewa kuliko zote, hasa masika, nyasi zinapokuwa zimenona na kushika maji. Na karibu kila mteja anafika na hukumu mkononi: "Fundi, gia boksi imekufa." Mara nyingi haijafa. Wewe unayeanza kazi hii, shika hilo kabla hujashika spana, maana gia boksi ndiyo spea ghali, ndiyo ngumu kupatikana, na ndiyo ambayo fundi mwenye haraka humnunulisha mtu bure.

Jifunze kwanza njia ya nguvu. Kwenye mashine nyingi za kusukuma zinazojiendesha, krenki ya injini, yaani mhimili unaozungushwa na injini, inashuka wima kwenda chini. Mwisho wake kimefungwa kisu, na juu ya kisu kuna puli ndogo, gurudumu lenye mfereji wa kushika mkanda. Kutoka kwenye puli hiyo mkanda unakwenda hadi gia boksi iliyokaa juu ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu mawili, mara nyingi ile ya nyuma. Gia boksi inazungusha ekseli, na kila ncha ya ekseli ina pinioni, gia ndogo inayoingia kwenye meno yaliyo upande wa ndani wa gurudumu. Kutoka juu kwenye mpini unashuka waya. Kwenye baadhi ya mashine waya huu unavuta gia boksi ili mkanda ukaze, kwenye nyingine unashika klachi iliyo ndani ya gia boksi yenyewe. Nguvu imepotelea mahali fulani kwenye njia hiyo. Kazi yako ni kujua ni wapi kabla hujafungua kitu.

Kabla ya mkono kwenda chini ya mashine, chomoa kofia ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, na uiweke mbali na plagi. Fanya hivyo kila mara, hata kama unataka kutazama tu. Kuzungusha kisu kwa mkono ni kuzungusha injini, na injini yenye joto inaweza kuwaka kwa mzunguko mmoja. Ukiilaza mashine, chujio la hewa na kabureta viwe upande wa juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio, petroli inamwagika, na ukiiwasha itatoa moshi mweupe utakaomtisha mwenye mali.

Sasa jaribio ambalo limeniokolea saa nyingi. Injini imezimwa, mashine iko juu ya saruji. Bana liva ya kuendeshea, kisha ivute mashine irudi nyuma. Kwenye mashine nyingi nilizoshika, magurudumu yote mawili ya kuendesha yanapaswa kugoma na kuburuzika. Yakigoma yote, magurudumu, pinioni na gia boksi ni vizima, nenda kwenye mkanda. Likigoma moja na jingine likazunguka, tatizo liko kwenye gurudumu hilo linalozunguka. Yakizunguka yote mawili, angalia waya kwanza.

Tuanze na magurudumu, kwa sababu huko ndiko ninakokuta ugonjwa mara nyingi. Vua gurudumu na kifuniko chake cha vumbi. Utakuta nyasi zilizokauka zikachanganyika na grisi ya zamani na udongo wetu wa volkano, vimegandamana vikawa vigumu kama tofali bichi. Toa yote kwa bisibisi bapa, osha kwa brashi na mafuta ya taa. Kisha pitisha kidole juu ya meno ya ndani ya gurudumu. Meno mazima yana ncha bapa. Yaliyoliwa yamechongoka, na ukiyaweka kwenye mwanga unaona yameegemea upande mmoja. Magurudumu mengi ni ya plastiki, kwa hiyo yanakwisha kabla ya pinioni, na yakikwisha hakuna dawa, nunua jipya.

Pinioni nayo ina siri yake. Ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye tundu la ekseli. Ekseli ikizunguka kwenda mbele, kipande hicho kinanasa pinioni na gurudumu linakwenda. Ukiisukuma mashine kwa mkono, kinateleza, ndiyo maana unaweza kuitembeza bila kupigana na gia. Uchafu ukikigandisha, hakinasi tena. Kisafishe mpaka kiteleze chenyewe kwa uzito wake, kipake oili kidogo sana, basi. Usijaze grisi kwenye meno, inakusanya mchanga na mchanga unayasaga.

Pinioni ya kushoto si ya kulia. Zinanasa kwa mwelekeo tofauti. Mwaka wangu wa kwanza nilizivua zote mbili nikaziosha kwenye kopo moja, nikazirudisha nilivyozikuta mkononi. Mashine iliyokuwa inavuta kwa gurudumu moja ikawa haivuti kabisa. Nilihangaika na mkanda, nikahangaika na waya, nikafungua gia boksi iliyokuwa haina kosa lolote, hadi giza likaingia na mwenye mashine akaenda nyumbani mikono mitupu. Tangu siku hiyo navua upande mmoja, nasafisha, narudisha, ndipo nagusa wa pili. Nyingine zimeandikwa L (kushoto) na R (kulia), lakini maandishi hayo hufutika.

Waya hauna mengi. Ukilegea, liva inafika mwisho kabla mkanda haujakaza. Kaza kwenye nati ya kurekebishia, halafu hakikisha ukiachia liva mashine inasimama kabisa. Waya wa breki ya baiskeli unaweza kukusogeza siku mbili tatu kama kichwa chake kinakaa vizuri kwenye liva, ila mwambie mteja wazi kwamba ni wa muda.

Mkanda unastahili macho yako yote. Kwenye mashine nyingi kuutoa ni mpaka ufungue kisu: zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti kinyume cha saa, na kumbuka kwamba mabawa ya kisu yaliyoinuka yanatazama juu, ndani ya bodi, lile ganda linalofunika kisu. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake. Ukiona mbavu zinang'aa kama kioo, au mkanda umezama hadi unagusa sakafu ya puli, umekwisha hata kama haujakatika. Na hapa kuna kosa ninaloliona kila mwaka: mtu anakwenda dukani na urefu tu, anauziwa mkanda wa gari. Unaingia, unafanya kazi, lakini mpira wake mtupu unang'ang'ania puli hata ukiwa umelegea. Unaachia liva, mashine inaendelea kwenda. Mkanda wa mashine ya nyasi umevikwa kitambaa ili uweze kuteleza unapolegezwa. Tafuta namba iliyochapwa juu yake, au namba ya modeli ya mashine, ndipo uende dukani.

Gia boksi iwe ya mwisho. Mkanda ukiizungusha puli yake, liva imebanwa, na ekseli imetulia, hapo ndipo imekufa kweli.

Jambo moja jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mashine nyingi zina fimbo kwenye mpini ambayo ukiiachia, injini au kisu kinasimama. Kanuni ya Marekani tangu 1982 inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuiachia. Mashine zinaletwa kwangu fimbo hiyo imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili mkono usichoke. Naukata mpira huo kabla ya kuuliza mashine inaumwa nini, na mteja akikataa, sitengenezi. Kijana anayekata nyasi kwenye mteremko wenye umande akiteleza, miguu yake ndiyo inayotangulia chini ya bodi.

Ukimaliza, ijaribu kwenye nyasi, si kwenye saruji. Saruji haina mzigo, hata mkanda mbovu unavuta hapo. Nenda mistari miwili mitatu, panda kamwinuko kadogo, zima, chomoa kofia ya plagi, kaza tena bolti za magurudumu na ile ya kisu. Mkanda mpya hurefuka kidogo saa ya kwanza, kwa hiyo mwambie mwenye mashine airudishe wiki ijayo uukaze waya, na usimtoze kwa hilo.